Chuma cha vipande vinavyopinda kwenye mitambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mbunifu au fundi ambaye mtambo wake una kipande cha chuma kilichowekwa makusudi ili kipinde: kikombe chembamba chenye meno ndani ya gia ya wimbi, plati za koplingi, utepe wa chuma unaozunguka puli, au ulimi mwembamba unaoshika kitu na kukiruhusu kisogee kidogo. Shafti, beringi na gia za kawaida hazimo humu, kwa kuwa kanuni zinazozifaa hizo mara nyingi ndizo zinazovunja hivi.

Kwa nini nisichague chuma cha kipande hiki kama ninavyochagua cha shafti?

Shafti hupewa mzigo. Ukiiongezea unene, mkazo unapungua, na mtu mwenye wasiwasi akiongeza milimita mbili hapotezi kitu zaidi ya uzito. Kipande kinachopinda hupewa umbali. Puli ina kipenyo chake na utepe lazima uifuate, uwe mnene au mwembamba. Kizalisha wimbi, yaani kipande cha umbo la yai kinachozunguka ndani ya kikombe cha gia ya wimbi, kinausukuma ukuta wa kikombe nje kwa kiasi kilekile bila kujali umetengenezwa kwa nini. Katika hali hiyo, kuongeza unene kunaongeza mkazo.

Hesabu yake ni fupi. Mkazo wa usoni ni sawa na ukakamavu wa chuma (kipimo cha jinsi kinavyokataa kupindika), mara unene, gawanya kwa kipenyo cha mpindo. Chukua ukakamavu wa MPa 205,000 (megapaskali, kipimo cha mkazo) na mpindo wenye kipenyo cha mm 200. Utepe wa mm 0.5 unapata mkazo wa karibu MPa 512. Wa mm 0.2 unapata MPa 205. Wa mm 0.1 unapata karibu MPa 103. Hakuna aina ya chuma itakayokupa nafuu ya kiasi hicho. Kwa hiyo amua unene kwanza, halafu ndipo ufungue orodha ya vyuma.

Lakini kipande chembamba hakitabeba nguvu ya kutosha. Nifanyeje?

Ongeza idadi ya vipande, usiongeze unene wa kimoja. Plati kumi za mm 0.3 zikipangwa pamoja hubeba mvuto sawa na plati moja ya mm 3, ila kila moja inapinda kwa unene wake mwenyewe. Ndiyo maana koplingi za plati huja na pakiti ya plati. Mkanda wa chuma unaotumika kwenye giaboksi za magari zenye uwiano unaobadilika bila hatua umejengwa hivyo pia: pete nyembamba za karibu mm 0.2 zimevishwa moja ndani ya nyingine, kisha vipande vingi vya chuma vikapangwa juu yake.

Wembamba una kikomo chake, bila shaka. Ukuta mwembamba mno hujikunja kama umesukumwa badala ya kuvutwa, na kikombe cha gia ya wimbi kikizidiwa mzigo huruka meno. Nafasi halali iko kati ya mipaka hiyo miwili, na mara nyingi ni nyembamba kuliko tunavyopenda.

Chuma kigumu zaidi si kitapinda kidogo zaidi?

Hapana. Ugumu na ukakamavu ni vitu viwili tofauti. Chuma laini kabisa na chuma cha springi kilichochomwa na kuzimwa kwenye mafuta vina ukakamavu karibu sawa, kati ya GPa 190 na 210 (GPa moja ni MPa 1,000). Matibabu ya moto hayaugusi. Kinachobadilika ni umbali ambao chuma kinaweza kupindwa na bado kikarudi, na idadi ya mara kitakazovumilia kupindwa hivyo.

Titani ndiyo inayobadilisha hesabu kwa kweli, kwa kuwa aloi yake ya kawaida yenye alumini na vanadi ina GPa 114 hivi. Kwa mpindo uleule inapata mkazo wa karibu nusu tu. Tatizo ni kwamba meno ya titani yakisuguana hushikana na kuchubuka haraka, hivyo inafaa kwa ulimi au utepe usioguswa na kitu, si kwa kikombe chenye meno.

Kipande changu kitapinda mara ngapi katika maisha yake?

Mara nyingi kuliko unavyodhani, na swali hili ndilo ningependa kila mtu alijibu kabla ya kununua chochote.

Chukua gia ya wimbi, uvumbuzi wa C. Walton Musser aliyeomba hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Ndani yake kuna kizalisha wimbi chenye umbo la yai, kikombe chembamba chenye meno nje, na pete ngumu yenye meno ndani. Kikombe kikiwa na meno 200 na pete ikiwa na 202, mota huzunguka mara 100 ili kikombe kizunguke mara moja. Kwa kuwa umbo la yai lina ncha mbili, kila sehemu ya ukuta hupinda mara mbili kamili kwa mzunguko mmoja wa mota. Mota ya mizunguko 3,000 kwa dakika inaupinda ukuta mara 6,000 kwa dakika. Baada ya saa 28 hivi umefika mara milioni 10.

Saa 28! Mtambo ambao mwenyewe anauona mpya umeshamaliza idadi ambayo vitabu vya uhandisi huichukulia kama mwisho wa jaribio la uchovu, yaani chuma kupasuka kwa kupewa mkazo uleule mara nyingi. Ndiyo sababu hakuna nafasi ya kusema "kitavumilia kwa muda". Mkazo uwe chini ya kikomo cha uchovu, au kipande kitapasuka. Teknolojia hii ikitengenezwa vizuri inaaminika sana: magurudumu ya gari la Mwezini lililopelekwa na Apollo 15 mwaka 1971 yaliendeshwa kwa gia za aina hii zenye uwiano wa 80 kwa 1.

Kikomo cha uchovu nakipataje?

August Wöhler alilianza jambo hili kwa ekseli za treni huko Prussia katika miaka ya 1850 na 1860. Aliona kwamba chuma huvunjika kwa mkazo mdogo kuliko ule unaokivunja kwa mara moja, ukirudiwa vya kutosha, na kwamba chini ya kiwango fulani kilionekana kuvumilia bila mwisho.

Kwa makadirio ya kwanza, chukua nusu ya nguvu ya mvuto ya chuma chenyewe, yaani mkazo unaokivunja kikivutwa mara moja. Chuma cha MPa 1,200 kina kikomo cha karibu MPa 600, kikiwa kimeng'arishwa kama kioo na hakina kona wala mkwaruzo. Kipande halisi hakiko hivyo. Punguza kwa ajili ya uso, kona, ukubwa na hali ya hewa, na usishangae ukibaki na MPa 250 au 300. Tena kanuni ya nusu hukoma kwenye chuma cha MPa 1,400 hivi. Juu ya hapo nguvu inapanda kwenye karatasi ilhali kikomo cha uchovu kinabaki karibu MPa 700, au kinashuka.

Mfano wa kikombe cha gia: mkazo wake ni kiasi gani?

Kikombe cha meno 200 yenye moduli (kipenyo gawanya kwa idadi ya meno) ya mm 0.25 kina kipenyo cha mm 50. Ukuta unasukumwa nje mm 0.25 kwenye ncha za yai. Mpindo unabadilika kwa mara tatu ya umbali huo, gawanya kwa mraba wa nusu kipenyo, yaani 0.0012 kwa milimita. Ukuta wa mm 0.6 unapata karibu MPa 74. Inaonekana ndogo, lakini huo ni ukuta laini usio na meno. Mzizi wa jino unaweza kuuzidisha mara mbili au zaidi, kisha ongeza mkazo wa kubeba mzigo wenyewe, na ule wa shingo ambapo kikombe kinakutana na kitako chake. Ukiufanya ukuta uwe mm 1.2 "kwa usalama", umeanza na MPa 148 kabla ya hayo mengine yote.

Niombe ugumu gani?

Kwa kikombe chenye meno, naomba kati ya 35 na 40 kwenye kipimo cha Rockwell C, na ni nadra niende juu ya hapo. Wengi huona ugumu huu ni mdogo, hasa waliozoea meno ya gia ya 58 au 60.

Sababu yake ni hii. Ndani ya kila chuma kuna chembe ngeni za oksidi na salfidi zilizobaki tangu kilipoyeyushwa. Chuma kikiwa cha ugumu wa kati, chembe ndogo haina madhara makubwa, kwa kuwa chuma kinachoizunguka kinaweza kujinyoosha kidogo na kuutawanya mkazo. Kadiri ugumu unavyopanda ndivyo chuma kinavyopoteza uvumilivu huo, na chembe ileile inakuwa mwanzo wa ufa. Mkwaruzo wa kisu cha mashine nao vivyo hivyo. Ukipita 40 hivi, kinachoamua maisha ya kipande ni usafi wa chuma na ubora wa uso, wala si namba iliyo kwenye cheti cha ugumu.

Utepe mwembamba wa springi ni habari nyingine. Chuma cha kaboni kama 1095 huuzwa kikiwa tayari na 48 hadi 51, na kinadumu, kwa sababu ni chembamba, hakina meno, na uso wake umeng'arishwa kiwandani. Ukikichonga meno au kukitoboa ovyo, faida hiyo unaipoteza pale pale.

Basi nichukue chuma gani kwa kikombe?

Anza na chuma cha aloi kiitwacho 4340. Kina kaboni ya asilimia 0.38 hadi 0.43, nikeli 1.65 hadi 2.00, kromiamu 0.70 hadi 0.90, na molibdeni 0.20 hadi 0.30. Nikeli ndiyo inayokipa uwezo wa kuuzuia ufa usikimbie, na hiyo ndiyo sifa tunayoilipia. Kikizimwa kwenye mafuta kisha kikapashwa tena kwenye nyuzi 540 hadi 600 za Selsiasi, kinakaa kwenye 35 hadi 40 tunayoitaka.

Tahadhari moja ambayo mtu wa tanuru anapaswa kuambiwa kwa maandishi: joto la kupasha tena lisiangukie kati ya nyuzi 230 na 370. Katika eneo hilo chuma hiki hupata wepesi wa kuvunjika ambao kipimo cha ugumu hakiuoni. Cheti kitaonyesha namba nzuri, na kikombe kitapasuka.

Ukikikosa 4340, vyuma vingine vya kromiamu, nikeli na molibdeni vyenye kaboni ya karibu 0.40 vinafaa. Chuma cha kromiamu na vanadi cha springi, 51CrV4, ni kizuri kwa ndimi na plati nene kidogo. Chuma cha kaboni cha kawaida kama 1045 sikishauri kwa kikombe, hata kwa majaribio, maana majaribio hayo hayatakuambia lolote kuhusu kipande cha kweli.

Zaidi ya namba ya chuma, uliza kilivyoyeyushwa. 4340 iliyoyeyushwa upya kwenye ombwe ina chembe ngeni chache na ndogo zaidi kuliko 4340 ya kawaida, ingawa jina na kemia ni zilezile. Kwa kipande kinachopinda mara mamilioni, ningelipia usafi huo kabla sijalipia aloi ya gharama.

Je, chuma kisichoshika kutu kinafaa?

Kinafaa ukikichagua kwa aina yake. 304 iliyolainishwa, ile ya masufuria na mabomba, haifai: hupinda na kubaki imepinda. 301 iliyokandamizwa kwa rola hadi ugumu kamili ina nguvu ya mvuto isiyopungua MPa 1,275, na inatumika sana kwenye plati za koplingi. Nguvu yake imetokana na kukandamizwa, hivyo ukiichomelea unairudisha kuwa laini mahali ulipogusa.

Kwa kikombe chenye meno kuna 17-4 PH na 15-5 PH. Hivi huchongwa vikiwa na ugumu wa wastani, halafu hupashwa joto la chini kiasi na kuwa vigumu bila kuzimwa, hivyo kikombe chembamba hakipindukipinduki. Kati ya viwili hivi napendelea 15-5, kwa kuwa muundo wake ni safi zaidi na uimara wake hautofautiani sana kati ya urefu na upana wa chuma. Usikubali kupashwa kwenye nyuzi 482, ingawa ndiko kunakotoa nguvu kubwa zaidi. Nyuzi 552 hukipunguzia nguvu kidogo na kukiongezea sana uwezo wa kuhimili ufa na ulikaji. Kumbuka pia kwamba meno ya vyuma hivi yakisuguana yenyewe kwa yenyewe hushikana. Pete ngumu iwe ya chuma cha aina nyingine, na grisi iwe ya uhakika.

Marejingi je? Nimeambiwa ndiyo bora kuliko vyote.

Chuma cha marejingi kina nikeli ya asilimia 18, kobalti, molibdeni na titani kidogo, na karibu hakina kaboni. Kikikomazwa kwenye nyuzi 480 kinafika MPa 2,000 na hakibadilishi umbo. Kwa pete nyembamba na ndimi za mm 0.2 ni chuma cha ajabu, na pete za mkanda wa giaboksi nilizozitaja hapo juu zimetengenezwa nacho, kisha uso wake ukaingizwa naitrojeni.

Ila kikomo chake cha uchovu hakipandi sambamba na nguvu yake. Anayebadilisha kutoka 4340 akitarajia maisha yaongezeke kwa uwiano wa MPa 2,000 kwa 1,200 atakuwa amelipa sana kwa faida ndogo. Kichague kwa sababu ya umbo kutobadilika kwenye moto, au kwa mahali ambapo mzigo mkubwa wa mara chache ndio tatizo.

Uso uwe laini kiasi gani?

Laini kadiri unavyoweza, na mwelekeo wa mikwaruzo una uzito kuliko kina chake. Ufa wa uchovu hufunguka ukikatiza njia ya mvuto. Mkwaruzo unaokwenda sambamba na urefu wa utepe hauudhuru sana, na ule unaoukatiza ni ufa ulioanza tayari. Kwa hiyo msasa wa mwisho upite kwa urefu, daima. Kata utepe nao ili upinde kufuata mwelekeo wa rola, na kingo zake zizungushwe na kung'arishwa. Kingo zilizokatwa kwa mkasi na kuachwa na makali ndiko tepe nyingi zinakoanzia kupasuka.

Kukata kwa cheche za umeme kunapendwa kwa kuwa kunatoa umbo sahihi, lakini kunaacha ngozi iliyoyeyuka na kuganda, yenye nyufa ndogo na mkazo wa mvuto ndani yake. Ngozi hiyo iondolewe yote. Tanuru isiyo na gesi ya kinga nayo hunyang'anya uso kaboni yake, ukabaki na tabaka laini mahali penye mkazo mkubwa kuliko pote. Acha nyama ya kutosha ili uisage baada ya moto.

Kona za ndani ndizo za mwisho na ndizo zinazosahauliwa. Mzizi wa jino na shingo ya kikombe vipewe mviringo mkubwa unaoruhusiwa na nafasi.

Naweza kukipaka zinki kwa umeme kisishike kutu?

Kwa kipande kigumu kinachopinda, usifanye. Upakaji huo na asidi inayotangulia huingiza haidrojeni ndani ya chuma, na chuma chenye ugumu wa 39 kwenda juu huweza kupasuka saa au siku kadhaa baadaye kikiwa kimekaa tu na mzigo. Kama hakuna njia nyingine, kipashwe nyuzi 190 hadi 220 kwa saa 8 au zaidi, na kianze kupashwa ndani ya saa 4 baada ya kutoka kwenye beseni. Mafuta, grisi, rangi ya zinki isiyohitaji umeme, au chuma kisichoshika kutu ni njia zenye amani zaidi.

Kuingiza naitrojeni au kuupiga uso kwa vijipira kunasaidia?

Vyote viwili vinasaidia kwa sababu moja: vinauacha uso ukiwa umebanwa, na ufa haufunguki mahali palipobanwa. Kwenye ukuta mwembamba, kiasi ndicho kila kitu. Tabaka la naitrojeni la mm 0.2 kila upande kwenye ukuta wa mm 0.6 linaacha theluthi moja tu ya chuma chenye ustahimilivu katikati. Omba tabaka la chini sana, bila ngozi nyeupe ya juu ambayo ni kavu na hupasuka. Vijipira viwe vidogo na vipigwe pande zote mbili, la sivyo ukuta utajikunja.

Joto la mtambo linaathiri uchaguzi?

Likizidi nyuzi 120 hivi, acha chuma cha kaboni cha springi, maana huanza kulegea. Chuma cha kromiamu na vanadi kinafika karibu 220. Zaidi ya hapo tafuta 17-7 PH.

Kipande kimevunjika. Nitajuaje kosa ni la chuma?

Usiziunganishe tena nyuso mbili ili kuona zinavyokutana, unafuta ushahidi. Tazama kwa lenzi. Eneo laini lenye mistari ya mviringo inayopanuka ni uchovu, na mistari hiyo inakurudisha mahali ufa ulipoanzia. Ukianzia kwenye mkwaruzo au kona, chuma hakina hatia. Ukianzia mahali pengi kwa pamoja, mkazo ulikuwa mkubwa mno, na jibu ni kupunguza unene au umbali. Ukianzia ndani kwenye chembe, au bila sababu yoyote inayoonekana usoni, hapo ndipo pa kudai cheti cha chuma na kupeleka kipande maabara.

Plati za koplingi zikipasuka kando ya washa za bolti, chunguza kwanza kama shafti mbili zimekaa kwenye mstari mmoja. Unga mwekundu chini ya washa unaonyesha kwamba plati zilikuwa zinasuguana kwa sababu bolti hazikukazwa vya kutosha.

Nijaribuje kabla ya kukiweka kazini?

Pindisha kwa umbali uleule wa kazini na uongeze kasi, ukiangalia chuma kisipate joto. Ukiongeza umbali ili kivunjike haraka, unajifunza kuhusu mkazo mwingine. Jaribu vipande kadhaa kutoka kwenye kundi lile lile la tanuru, kwa sababu uchovu hutawanya matokeo sana, na kipande kimoja kilichofika mara milioni 10 hakithibitishi kwamba wenzake watafika. Simamisha jaribio mara kwa mara, osha kipande, na uangalie mizizi ya meno na shingo kwa wino wa kuonyesha nyufa. Kipande kilichopita jaribio kisifungwe kwenye mtambo wa mteja. Kipigwe alama na kihifadhiwe pamoja na cheti cha chuma chake, ili kundi lijalo liwe na cha kulinganishwa nacho.